Ukoko wa Marehemu

Asubuhi ile sufuria ilikuwa ya moto. Si vuguvugu, ya moto kabisa, na jiko halikuwa limewashwa tangu jana. Mke wa Fundi aliigusa, akarudisha mkono haraka na kuupuliza. Akaangalia mtungi wa gesi: umefungwa. Akainama kunusa. Ndani mlitoka harufu ya kitunguu kilichokaangwa kupita kiasi, na ya wali ulioshika chini.

Kwanza alimshuku mumewe. Lakini Fundi, mtengeneza majokofu, aliweza kufungua mashine yoyote isipokuwa kabati la vyombo.

"Mimi? Nipike?" Fundi alicheka. Kisha akanusa, na kicheko kikakatika. "Hiki ni chakula cha Mama."

Mama yake walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Walibaki katika nyumba yake, wakipikia vyombo vyake na kulalia mashuka yake.

Kosa lenyewe lilifanyika mchana. Katika familia ile hakuna aliyegusa sahani kabla ya kumwita Mama mezani. Ndivyo walivyolelewa, na yeyote aliyesahau alipigwa kijiko vidoleni. Fundi alinawa, akakaa, harufu ile imemjaa puani, akaita kama alivyoita utoto wake wote: "Mama, njoo tule!"

Jikoni, mwiko ukakwangua sufuria. Kisha zikaja nyayo za mtu mzito aliyechoka, zikapita mlangoni bila mwenyewe kuonekana, na kiti cha marehemu kikavutwa.

Tangu hapo Fundi hakugusa tena chakula cha mkewe. Kila mchana alikaa mbele ya sahani tupu, akamega hewa, akatafuna, akalamba vidole huku machozi ya raha yakimtoka. "Ukoko wake!" alisema. "Hakuna duniani anayejua kuunguza wali kama Mama." Suruali zikaanza kumvuka. Mashavu yakabonyea. Akikohoa, alitema masizi.

Mkewe akampigia simu dada yake Fundi, mshonaji wa sare za shule.

"Wifi, njoo," alinong'ona. "Kaka yako anakufa njaa huku ameshiba."

Dada mtu alifika amefura. Ukweli usemwe, alikuwa amefura tangu mazishini. Pale Fundi alisimama mbele ya watu akasimulia kitunguu cheusi cha Mama na ukoko wa Mama, mpaka hata wasiomjua marehemu wakalia. Dada mtu alisimama ameuma meno, macho chini. Watu wakasema maskini, uchungu wa mama. Ilikuwa hasira, tena si hasira ya jana.

"Ondoka kwenye hiyo meza," alimwambia mdogo wake.

"Kaa, Dada. Mama amepika."

"Mama amekufa, mjinga wewe!"

Kifuniko cha sufuria kikagonga jikoni, mara moja, kama mtu aliyekasirishwa na kelele. Wifi yake, mke wa Fundi, akamshika mkono. "Usipaze sauti, wifi. Hapendi."

Wakaita mganga, bwana mmoja mwenye miwani minene na simu mbili zisizonyamaza. Alifukiza, akasoma, akanyunyiza maji kila kona. Alipokanyaga kizingiti cha jikoni kifuniko kiliruka kikampiga kwenye paji la uso, na miwani ikaenda upande wake. Akakusanya vitu vyake.

"Jini huyu hakutumwa, aliitwa," alisema kwa sauti ya chini. "Tena anakula kwa jina la mpishi. Dawa yangu haimwezi. Mpishi mwenyewe amkatalie, mbele ya aliyemwita. Na muwahi. Mtu huyu hana wiki."

"Mpishi si yuko kaburini?" Wifi akaanza kulia.

 Dada mtu alivuta mkono wa blauzi yake ukafunika kovu lililopanda hadi kiwikoni.

Sasa hapa acha lisemwe wazi, maana limefichwa vya kutosha. Mama yao hakuwa akipika. Alifua mashuka ya hospitali kutwa nzima, akarudi jioni miguu imevimba. Aliyepika ni huyu binti yake, mtoto wa shule ya msingi, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kitunguu kiliungua kwa sababu alikuwa akiamua ugomvi wa wadogo zake na kuangalia moto kwa wakati mmoja. Wali ulishika chini kwa sababu sufuria ilikuwa nzito, hakuweza kuiepua motoni, ikambidi angoje mpaka Mama afike. Huo ndio ukoko uliowaliza watu mazishini. Mama aliingia, akanawa uso, akapakua kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka sahani mbele ya kila mtoto. Na binti akamwambia: "Usiwaambie. Waache wajue wamepikiwa na mama yao." Binti alinyamaza. Amenyamaza hadi ameota mvi.

Jua lilikuwa linazama Dada mtu alipoingia jikoni, na kila alivyosogea joto lilimjia usoni ingawa jiko lilikuwa limezimwa, na mwiko ulikuwa unakwangua, unakwangua, bila kupumzika, na harufu ya kitunguu ikageuka kuwa ya nywele zinazoungua, na mbele ya jiko alisimama mtu aliyevaa gauni la kijani la marehemu, amempa mgongo, mabega yameinama vilevile, miguu imevimba vilevile, ila vidole vya miguu hiyo vilikuwa vimemwelekea yeye.

"Usiwaambie, mwanangu," kikasema kile kitu bila kugeuka. Sauti ilikuwa ya Mama, pamoja na uchovu wake. "Tulikubaliana."

Kama kingenyamaza, labda angekimbia. Lakini neno lile!

"Tulikubaliana?" Dada mtu alipiga kelele hadi koo likakwaruza. "Nilikuwa mtoto! Uliniamuru!"

Akatoka, akamkamata Fundi ukosi wa shati, akamburuta hadi kizingitini. Hakuwa na uzito wowote.

"Tazama. Mama hakupika chakula hicho hata siku moja. Nilipika mimi."

"Muongo." Fundi alijivuta nyuma. "Una wivu, Dada. Alinipenda mimi, unataka kuninyang'anya hata hilo!"

Dada mtu alikunja mkono wa blauzi, akaliweka kovu mbele ya macho yake. "Uliambiwa niliungua na pasi. Ni maharage ya moto. Nilitaka kuiepua sufuria mwenyewe, ulikuwa unalia njaa. Usiku huohuo ulikula, ukasema, Mama, leo umepika vizuri. Nami nilikuwa nimekaa hapohapo, mkono ndani ya beseni la maji."

Fundi alilitazama kovu. Akaitazama sufuria. 

Ndipo gauni la kijani likaporomoka chini, tupu. Juu ya ndoo iliyopinduliwa alibaki mtoto wa kike, ameshika mwiko kwa mikono yote miwili, ngozi ya mkono mmoja imechubuka mbichi. Aligeuza kichwa. Wifi, aliyekuwa nyuma yao, alijiziba mdomo, maana sura ile ilikuwa ya wifi yake, ya utotoni.

"Niongeze maji?" mtoto aliuliza.

Dada mtu alitamani kumpiga, na alitamani kumbeba. Akasimama pale akihema.

"Weka mwiko chini," alisema. "Mimi ndiye mpishi, na nimekataa. Hupiki tena hapa. Toka. Nenda kacheze."

Mtoto alimkodolea macho kwa muda mrefu, kama asiyeelewa lugha hiyo. Kisha mwiko ukaanguka. Miguu myepesi ikapita katikati yao na kukimbia uani, geti likajibamiza, na jikoni kukawa baridi.

Fundi akapiga magoti akatapika majivu, tena na tena, mpaka yakatoka maji matupu. Wifi alimpa uji kwa kijiko, akaumeza. Alipopata nguvu ya kusema hakushukuru.

"Umenichukulia Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa na chuki ya kweli. "Kama hata chakula hakikuwa chake, basi yeye alinipa nini?"

Dada mtu alikuwa tayari mlangoni, anavaa viatu.

"Alikupa mimi," alisema. "Na hakuniuliza."