Kiti cha Dirishani

Mnisamehe mapema, kabla hamjakaa vizuri, maana hadithi hii nitaiharibu. Si kwamba sijui kusimulia. Jukwaani nimesimama nusu ya umri wangu, nimechekesha hata watu waliokuja kunidai. Ila hii inataka utulivu, na hapa nilipo panatikisika. Tena kila nikifikia patamu, msikilizaji wangu anainuka, anakung'uta suruali, anashuka. Kwa hiyo nikiruka mahali, rukeni nami.

Haya. Palikuwa na fundi wa kuchonga funguo.

Kibanda chake kilikuwa kimebanwa kwenye ukuta wa stesheni kuu, upana wa kabati la nguo. Akitaka kujikuna mgongo ilibidi atoke nje. Mtu mnene, mpole, vidole vinanuka shaba hata akioga mara mbili. Watu walimwita Fundi, na mkewe pia alimwita Fundi, labda hata mama yake alisahau jina lingine.

Jioni, giza likianza kuingia, Fundi alifunga kibanda na kupanda treni ya kurudi nyumbani. Behewa lile lile siku zote, la tatu kutoka nyuma, kwa sababu ndilo linalosimama sawasawa na ngazi za kituo chake. Msafiri wa kila siku ana elimu yake. Fundi alimjua nesi anayelala wima kama mwavuli. Alimjua mwanafunzi anayekula mkate wake kwa kujificha, utadhani kauiba. Aliwajua mke na mume wanaogombana kuanzia kituo cha kwanza, wanapatana kabla ya daraja, wanashuka wameshikana mikono. Alijigamba kwamba akifumba macho anaweza kujua yuko kituo gani kwa kusikia nani anashuka.

Na alimjua Jirani.

Jirani hakuwa jirani wa nyumba. Alikuwa jirani wa kiti. Mwembamba, kola imenyooka, anacheka kabla kichekesho hakijaisha. Yeye alikaa dirishani, na kiti cha pembeni yake alikitandikia leso. Mtu akisogea anaambiwa, "Kina mwenyewe." Fundi akiingia, jasho linamtoka, leso inaondolewa.

"Karibu, Fundi. Nimekigombania kama urithi."

"Mungu akuweke, Jirani. Wewe ni zaidi ya ndugu. Ndugu zangu mimi wangekikalia wao."

Kisha Fundi anaanza kusema. Mkewe kamnunia kwa sababu gani. Sukari inafichwa wapi ili wageni wasiione. Wimbo gani anaupiga mluzi akikaribia mlango, ili mkewe ajue ni yeye. Yote hayo alimwaga, kituo baada ya kituo, miaka na miaka. Jirani alisikiliza amenyoosha shingo. Aliuliza maswali madogo madogo.

"Mluzi wenyewe unaanzaje?"

Fundi akampigia. Jirani akaurudia taratibu, mpaka ukakaa.

Nani asiyefurahi kusikilizwa hivyo? Nyumbani hata redio inamkatiza.

Kisha ikaja siku ya sabuni.

Jirani alitoa mfukoni kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye karatasi. Juu ya sabuni palikuwa na alama ya ufunguo, imebonyezwa vizuri.

"Wangu umenivunjikia mlangoni," akasema. "Bahati nilikuwa na alama yake. Mwenye nyumba akijua atanila mzimamzima. Nichongee, ndugu yangu."

Sasa, kila mchonga funguo mwenye heshima zake anajua kwamba alama ya sabuni haichongwi. Ufunguo uletwe wenyewe. Anayekuja na sabuni ana shughuli na mlango wa mtu. Fundi alikuwa amefukuza wengi kibandani kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Lakini hao hawakuwa Jirani. Na wala hakujiuliza ni nani anayesafiri karibu naye kila jioni huku yeye amesinzia, mfuko wa koti wazi.

Alichonga kesho yake. Hakutoza kitu. Na kazi ilimshangaza, maana tupa ilikwenda yenyewe. Mkono ulijua jino gani linafuata, wapi pa kukata kina, wapi pa kupitisha juu juu. Hakurudi kuitazama sabuni hata mara moja.

"Mzee," akajisifu, "sasa umeiva."

Jioni ya mambo yenyewe, manyunyu yalianza tangu mchana. Fundi aliingia behewani na mfuko wa karatasi, ndani mna kofia ndogo ya sufi. Binti yake alikuwa amefika nyumbani siku hiyo na mtoto mchanga, mjukuu wa kwanza. Fundi hakuwa amemwona bado, ila jana yake alikuwa amemwonyesha Jirani atakavyomshika. Siku nzima, kila akimaliza ufunguo, alijizoeza, mkono mmoja chini ya makalio, mmoja shingoni, hewa tupu mikononi, wateja wakimtazama kama kachanganyikiwa.

Leso haikuwa kwenye kiti cha pembeni. Ilikuwa dirishani. Jirani alikuwa amesimama.

"Kaa huku leo, babu," akasema. "Zawadi ya mjukuu."

Fundi alishangaa. Jirani hakuwahi kutoka dirishani, hata jua likimchoma uso. Lakini zawadi ni zawadi. Akajipenyeza, akaketi.

Kiti kilikuwa cha baridi.

Si baridi ya mvua. Mtu alikuwa amekikalia muda si mrefu uliopita, kingetakiwa kuwa na joto la mtu. Kilikuwa na baridi ya kiti ambacho hakijawahi kukaliwa... Na harufu ikapanda kutoka kwenye kitambaa chake, harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya maji.

"Hujasema ahsante," Jirani akanong'ona.

"Ebo! Leo una adabu za shuleni?" Fundi akacheka. "Ahsante, Jirani. Ahsante sana."

Taa zikafifia. Zikarudi.

Jirani akavuta pumzi. Ndefu... ndefu... kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Fundi akatambua kitu kidogo cha kipumbavu: katika miaka yote ile, hakuwahi kumsikia Jirani akivuta pumzi.

"Tiketi! Tiketi zenu!"

Mkaguzi alikuwa anapita, mkanda umembana tumbo, mkono mbele. Akasimama mbele ya Jirani. Jirani akatia mkono mfukoni, akatoa tiketi. Ilikuwa na kona iliyotafunwa. Fundi ndiye mwenye tabia ya kutafuna tiketi.

"Hiyo yangu," Fundi akasema, akainua mkono. "Bwana mkaguzi, huyu ananitania, hiyo ni yangu."

Mkaguzi akapita. Macho yake yalipita juu ya Fundi kama yanavyopita juu ya kioo.

Hapo ndipo elimu yote ya msafiri wa kila siku ilipomrudia, imechelewa. Mkaguzi hakuwahi kumwomba Jirani tiketi. Hata siku moja. Na Fundi, anayejua nesi anapanda wapi na mwanafunzi anashuka wapi, hakuwahi kumwona Jirani akipanda.

Wala akishuka.

"Jirani... wewe unashukia wapi?"

Jirani akamwinamia. Shingo yake ilikuwa imeanza kunenepa. Kola iliyonyooka ilikuwa imelegea, ina doa la shaba.

"Kwako."

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Breki zikalia. Kituo cha Fundi, ngazi zile pale, sawasawa na mlango. Akainuka, akasukuma watu, na watu hawakusukumika wala hawakugeuka. Akaufikia mlango. Akainua mguu, akaushusha kwenye saruji ya kituo.

Ulikanyaga sakafu ya behewa.

Alikuwa ameketi. Dirishani. Baridi imempanda mpaka magotini.

Akajaribu tena, kwa kukimbia.

Ameketi.

Nje, kwenye manyunyu, mtu mnene alikuwa anashuka ngazi kwa ubavu, kama Fundi anavyoshuka kwa ajili ya goti lake bovu. Ana koti la Fundi. Ana mfuko wa karatasi. Kidoleni anazungusha ufunguo mpya, na Fundi akautambua, jino kwa jino, kwa sababu ulikuwa pacha wa ule aliofungulia mlango wake maisha yake yote ya ndoa. Alikuwa amemchongea mwizi ufunguo wa mlango wake mwenyewe. Bure. Na kujisifu juu.

Mkewe alikuwa chini ya taa ya kituo, na mwavuli.

"Umechelewa, baba. Mtoto kaamka, anakungoja."

"Treni hizi, mama. Acha tu." Sauti ilikuwa ya Fundi, hata kikohozi chake mwishoni.

Fundi akapiga kioo kwa ngumi zote mbili. Akaita jina la mkewe, lile la faraghani, ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Isipokuwa mmoja.

Mke akageuka. Akatazama dirisha moja kwa moja. Akakunja uso kama mtu anayesikia maji yanadondoka chumba cha pili.

"Unatazama nini?" mtu mnene akamuuliza, akamwita kwa jina lile lile.

"Sijui... Nimedhani pale kuna mtu namjua."

Kisha akacheka, akamshika mkono, na mwavuli ukawafunika wote wawili. Miaka yote ya ndoa, na hakutazama mara ya pili! Hilo ndilo lililomwuma Fundi kuliko yote. Mwizi ni mwizi, kazi yake kuiba.

Mtu mnene alirudi nyuma hatua moja, karibu na kioo. Midomo haikutoa sauti, lakini Fundi aliisoma.

"Nitamshika shingo vizuri. Ulinifundisha."

Akaondoka anapiga mluzi.

Jirani alikuwa nani kabla ya hapo, hakuna ajuaye. Pengine jini. Pengine karani fulani mwenye mke na mwavuli wake, aliyepewa dirisha na rafiki, akashukuru. Fundi alibaki pale. Treni ikifika mwisho wa reli inaingizwa bandani, taa zinazimwa, yeye yumo. Asubuhi inatoka, yeye yumo. Wanaomwona ni wale tu wanaokisogelea kiti cha pembeni, na kukaa hapo lazima akutolee leso.

Mtauliza mimi nimeyajuaje haya.

Kanisimulia mwenyewe. Niliingia jioni moja, behewa limejaa hadi mlangoni, kiti kimoja tu kina leso. Mtu mnene akaitoa. "Karibu, msanii. Nimekigombania kama urithi." Tukawa marafiki wakubwa. Nilimpa vichekesho vyangu vyote, hata vile ambavyo sijavipeleka jukwaani. Akapenda kuushika ufunguo wangu, anapitisha kidole gumba menoni, taratibu, kisha ananirudishia. Nikasema, fundi wa kweli huyu, hata akipumzika yuko kazini.

Siku hizi, kila jioni, kwenye kituo changu, namwona mtu mwenye kitambi changu akishuka. Mke wangu, anayekuja kumpokea, hajawahi kuchekeshwa nami tangu harusi. Huyo akifungua mdomo tu, mwanamke anashika mbavu.

Inauma, jamani. Inauma sana. Lakini nimlaumu nani? Yule Jirani alimficha Fundi. Fundi hakunificha. Alinisimulia yote, tangu sabuni hadi mwavuli, huku machozi yanamtiririka. Na mimi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, nikampiga begani, nikamwambia:

"Hadithi tamu hiyo, Fundi, nitaiiba! Hebu nipishe dirishani nipate hewa."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akasimama.

Nami, kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, nikasema ahsante.