Mshiriki wa Saba

Soko la Kongowea Jumamosi asubuhi halina adabu. Ukisimama unasukumwa, ukienda unakanyagwa. Munga, muuza nazi, alikuwa juu ya rundo lake akiita wateja kwa ile sauti yake ya kubembeleza, msichana mwenye sketi ya kitenge cha manjano aliposimama ghafla mbele yake.

"Wewe ndiye Munga wa Soko Leo," alisema, wala hakuuliza.

Soko Leo lilikuwa kundi la WhatsApp la wachuuzi na wateja wa pale, watu mia mbili na ushee, wakipashana kilichoingia na kilichoadimika. Munga ndiye aliyewaamsha kila alfajiri kwa ujumbe wa sauti, mzaha juu ya mzaha. Kuandika haandiki, na ujumbe mrefu hasomi kabisa. Alisema vidole vyake ni vya kufua nazi.

"Na wewe ni nani, unayenijua nami sikujui?"

"Philister, wa Changamwe. Mimi husikiliza tu."

"Leo utanunua basi. Masikio peke yake hayapiki wali."

Alinunua tatu, na nambari ya simu akaiacha. Tangu hapo simu hazikukatika. Philister alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, akimweleza kwamba anasomea watu wanavyoishi ndani ya simu, wanavyogombana humo na kufarijiana. Munga alisikia "simu" akadhani anajifunza kuzitengeneza, akaitikia. Alikuwa akitazama vishimo vya mashavu yake. Alimfundisha kutikisa nazi ajue kama ina maji, naye akamcheka kwa kuongea nazo kama watoto wake. Munga wa watu alipenda akafa akaoza.

Ikaja Jumapili moja huko Bombolulu, Philister alikopanga chumba. Alishuka kununua chapati, akamwacha Munga kitandani na feni ikivuma. Najua, daftari la mtu halifunguliwi. Lakini hili la Philister, lililokuwa mezani, lilifunuliwa na feni, na macho hayana pazia.

"Mshiriki wa Saba. Mwanamume, muuza nazi. Hutumia mzaha kuvuta watu." Chini yake mizaha yake ilikuwa imeandikwa neno kwa neno. Na juu ya ukurasa mzima ulipigwa mstari mwekundu, pembe hadi pembe, na tarehe: 14 Juni.

Philister alimkuta mlangoni, viatu mkononi.

"Kumbe mimi ni wa saba," Munga alimwambia. "Umenikamua tui, sasa machicha unatupa."

Philister alitaka kueleza, lakini mwenzake alikwisha shuka ngazi. Munga akajitoa kwenye kundi, na simu za Philister hakupokea hata moja. Kilichomuuma zaidi ni vicheko. Kila alipokumbuka Philister akicheka, alijiuliza kama alikuwa anacheka kweli au alikuwa kazini. Wiki tatu soko liliamka kimya, na nazi ziliuzwa bila neno.

Aliyechoka wa kwanza ni Bi Dhahabu, muuza mchicha, mwenye kundi lile. Alikuja na simu yake mkononi na bahasha kwapani.

"Yule mtoto alijieleza siku ya kwanza," alisema. "Aliandika kwamba yeye ni mwanafunzi, anaomba kutuandika bila kututaja majina, na asiyetaka aseme. Haya, tazama wewe ulisema nini."

Munga akatazama. Chini ya ujumbe mrefu, kati ya waliokubali, kilikuwa kidole gumba chake mwenyewe. Alikiweka bila kusoma, kama alivyoweka kila mahali.

Kisha Bi Dhahabu akatoa karatasi. Philister alikuwa amewaletea maandishi yake wajisome kabla hayajafika kwa walimu. Bi Dhahabu alikuwa Mshiriki wa Pili na alijivunia hilo. Munga alifunua kurasa polepole, mmoja mmoja, akasoma kwelikweli. Wa tano. Wa sita. Wa nane. Mzaha wake haukuwemo hata mmoja.

"Wa saba yuko wapi, bibi?"

"Mpigie mwenyewe."

Simu ililia mara moja tu.

"Nilikutoa," Philister alisema. "Unayempenda huwezi kumwandika kwa haki, ndivyo tunavyofundishwa. Ulikuwa sura nzima, Munga. Mwalimu wangu alilalamika, nikaianza upya bila wewe."

"Na ule mstari mwekundu?"

"Uliona tarehe? Siku hiyo tulikula viazi karai Changamwe, ukanipangusa pilipili mdomoni. Nilirudi nyumbani nikakufuta, maana nilijua."

Munga akaketi juu ya nazi zake. Roho ilimtua kama mtu aliyeshushwa gunia, na machozi yakamtoka mbele ya wateja, asione haya.

"Nisamehe, kipenzi. Mimi sisomi, na siku niliyosoma nikasoma vibaya."

"Nimekusamehe. Lakini sauti yako nimeikosa, kila asubuhi."

"Nataka kuja kwenu. Nije kwa heshima."

Philister akacheka, na safari hii Munga hakujiuliza kitu.

"Baba hapokei ujumbe wa sauti, Munga. Anataka barua ya mkono."

Munga akamwomba Bi Dhahabu kalamu. Alianza "Mzee Oduor, shikamoo," akafuta, akaanza tena. Hadi adhuhuri wateja walikuwa wakijifulia nazi wenyewe.