Abee Kwenye Tarumbeta

Haya sikuyaona kwa macho yangu. Alinisimulia jirani yangu mwenyewe, fundi saa mstaafu, mcha Mungu, mtu ambaye sijapata kumsikia akisema uongo hata wa utani. Mtaa mzima ulimwita Babu Santuri.

Kila alasiri, watoto wakishatoka shule, alifungua mlango wa mbele akauegemeza kwa tofali. Hakuwa na haja ya kuita. Walimiminika wenyewe, wakavua viatu, wakajibanza mkekani mbele ya gramafoni.

"Mikono!" alisema. "Nani huyu ana mafuta vidoleni?"

"Huyu hapa, Babu! Huyu huyu!" Wote wakamnyooshea kidole mmoja, naye akaenda kunawa huku amenuna.

Aliwafundisha adabu za santuri. Ishike ukingoni, kwa viganja. Sindano ishushe taratibu, kama unamlaza mtoto mchanga. Zungusha mkono wa mashine hadi usikie springi imekaza, basi, usiilazimishe. Ukisahau kuikaza, mwimbaji anaanza kusinzia katikati ya wimbo, sauti inadidimia na kuwa nzito kama ya mlevi. Hapo watoto walijiangusha chini kwa kicheko, na mzee akacheka nao hadi machozi. Kisha jua likashuka, wakaitwa makwao mmoja mmoja, nyumba ikanyamaza. Ukimya ule, aliniambia, ulikuwa na uzito wa kabati.

Hakuwa na mtoto. Yeye na mkewe walimwomba Mungu mpaka wakaona haya kuendelea kuomba. Mama wa watu akafariki na hamu yake moyoni, kabla hata hawa watoto wa mtaani hawajazaliwa.

Aliyempenda zaidi kati yao ni binti wa mshonaji wa nyumba ya pili. Walimbandika jina Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Babu, huyu anayeimba yuko wapi sasa?"

"Alishakufa zamani."

"Sasa anaimbaje?"

"Mwenyewe ameondoka. Sauti imebaki."

Chiriku akafikiri. "Na hiyo sauti haimtafuti?"

Mzee akaigeuza santuri upande wa pili.

Siku moja aliwatolea mashine kongwe kuliko zote, fonografu, ambayo haichezi santuri bali silinda ya nta nyeusi, nene kama kikombe. Gramafoni husoma tu, aliwaeleza. Hii husoma na kuandika. Ina vichwa viwili: kimoja butu cha kusomea sauti, kingine chenye ncha kali cha kuichonga kwenye nta. Ukisema ndani ya tarumbeta lake, lile bomba la bati lenye mdomo mpana, sauti yako inabaki kwenye nta.

Silinda aliyokuwa nayo ilikuwa moja, na humo mlikuwa na sauti ya mkewe. Maneno machache tu: "Jamani, huyu mzee ananilazimisha nizungumze na bati!" Kisha kicheko, basi. Alikuwa haichezi, kwa kuogopa isichakae. Lakini siku ile moyo ulimjaa. Alitaka mkewe awasikie watoto, au watoto wamsikie mkewe. Hata yeye hakujua kipi.

Kwa furaha akafunga kichwa haraka, bila kukitazama.

Sauti ikatoka kwa mbali sana. Watoto wakasogea. Jamani, huyu mzee. Kicheko. Kimya. Mzee akanyoosha mkono aizime.

"Chiriku," sauti ikaita.

Ilikuwa ya mkewe. Mkewe aliyekufa kabla ya jina hilo kuwepo.

Binti akafanya alivyolelewa kufanya mtu mzima anapoita. Aliingiza uso ndani ya tarumbeta, akaitika kwa heshima zote.

"Abee!"

Unyuzi mweusi ukaanguka mezani, mwembamba kama unywele. Nta. Mzee akatazama. Alikuwa amefunga kichwa kikali.

Akakinyanyua upesi. Watoto walishangilia, wakidhani ni mchezo. Chiriku alifungua mdomo ashangilie pamoja nao. Midomo ikacheza. Hakikutoka kitu.

Hospitali walisema koo ni zima. Mama yake alikuja mlangoni, sindano za kushonea bado zimechomekwa kifuani mwa gauni.

"Mzee wangu, mwanangu umemfanya nini?" alinong'ona.

"Mwanangu, Mungu ni shahidi, sikukusudia."

"Sikukuuliza kukusudia."

Watoto wakakatazwa kuja. Mzee aliegemeza tofali vilevile kila alasiri, akakaa akiutazama mkeka mtupu. Mwisho akafunga kichwa cha kusomea, kile butu, akaicheza silinda peke yake.

Mkewe alikuwa anaongea. Si kwa mbali tena. Na Chiriku alikuwa anamjibu.

"Mama, na huku kuna giza kila siku?"

"Utazoea, mwanangu. Hebu nisimulie tena."

Na mtoto akasimulia, chirichiri bila kupumua, na mkewe akacheka kicheko ambacho mzee hakukisikia katika ndoa yao yote. Alijua la kufanya. Nta hukwanguliwa kwa kisu chake maalumu ikawa laini kama mpya, na kila kilichoandikwa kikaondoka. Kisu kilikuwa kwenye droo. Hakukitoa. Aliicheza silinda kesho yake, na kesho kutwa, akifunga madirisha asisikike, akicheka pamoja nao. Katika sala alimwambia Mungu mambo yote isipokuwa hilo. Alipofika hapa akinieleza, alifunika uso.

Mpaka mshonaji akarudi, amemshika mtoto mkono.

"Tazama," alisema. "Mwanangu, mpigie babu makofi."

Chiriku akapiga makofi. Viganja vikakutana. Hakuna mlio.

"Jana alidondosha sufuria," mama akanong'ona. "Nililiona likianguka."

Mtoto akamtazama mzee. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomchoma.

Walipoondoka alifunga mlango, akatoa kisu. Akaweka silinda kwenye mashine na kusogeza makali. Ikaanza kuzunguka. Tarumbeta lilikuwa halijaunganishwa na kitu.

"Babu," likasema, kwa sauti ya Chiriku. "Babu, usinikate."

Akasimamisha kisu. Je, kama ni yeye kweli?

"Mume wangu." Polepole. Kwa upole. "Mwache mtoto. Njoo wewe. Itika tu."

Ulimi wake ulikuwa tayari umepanda. Akaung'ata. Damu ikajaa mdomoni. Akasukuma kisu.

Nta ilimwagika mapajani kama nywele zinazonyolewa. Sauti zikawa nyembamba. Zikawa kuchakura. Zikawa hewa. Na kutoka nyumba ya pili, kupitia ukuta, kikaja kilio kikubwa cha mtoto: "Mamaaa!"

Mzee akapiga magoti, akashukuru, kisha akalia kwa sababu nyingine.

Chiriku anaongea mpaka leo, mama yake anamwomba apumzike. Ila hawapiti tena mlango ule, wala watoto wengine hawapiti. Mzee alivitupa vichwa vyote viwili shimoni, springi akaing'oa. Silinda, tupu na laini, aliiacha mezani, kuitupa hakuweza.

Juzi alasiri alikuwa amekaa mbele yake. Hakukuwa na kichwa. Hakukuwa na springi. Silinda ikaanza kuzunguka yenyewe, bila kelele, na kwenye nta ile laini ukatokea mstari mmoja mwembamba, ukaenda, ukaenda.

Hakusikia lolote. Lakini alijua anayeitwa ni yeye. Akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakipita katikati ya vidole, akautazama unyuzi mweusi ukishuka na kujikunja mezani, bado una joto.