Ndizi za Mzee Salat

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyanchama alimfungua punda wao na kumpeleka malishoni. Walimwita Karani, kwa sababu siku alipofika kwao alikataa katakata kukanyaga matope, kama karani wa ofisini anayelinda viatu vyake. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na Karani alikuwa amemwokoa mama yake Nyanchama na maumivu ya shingo, kwani sasa ndizi zilienda soko la Mosocho mgongoni mwa punda.

Mzee Salat, mfanyabiashara wa Mosocho aliyewauzia punda huyo, alikuwa amewaonya mapema. "Alikotoka kuna mawe, kwato zinajisaga zenyewe. Kwenu udongo ni laini na mvua haikatiki. Mleteni kila baada ya miezi miwili nizikate na kuzipiga tupa." Hakudai chochote, ila ndizi mbivu alizipenda kupita kiasi.

Momanyi, baba yake Nyanchama, alimwachia binti yake kazi hiyo, na kila mara alimpa ndizi za kumpelekea mzee. Mara ya kwanza aliifanya vizuri. Mara ya pili aliwakuta wenzake njiani wakiruka kamba. Akamfunga Karani kwenye mti, akaruka mpaka jua likaanza kushuka, na ndizi za Mzee Salat wakazila zote.

"Umemfikisha?" baba aliuliza jioni.

"Nimemfikisha, Tata."

Uongo ulipita bila shida, basi mara ya tatu nayo akafanya vivyo hivyo.

Kati ya shamba lao na barabara palikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Karani alizoea kuuruka mara moja, kisha akapakiwa mzigo ng'ambo. Siku moja ya soko alifika ukingoni akasimama. Alinyoosha mguu, akaurudisha, akatetemeka.

"Ruka, wewe!" Momanyi alimcharaza fimbo. Alipochapwa tena aliruka, lakini alipotua magoti yalimlegea, akabaki ameinua mguu mmoja wa mbele.

"Ukaidi huu umenichosha," Momanyi alisema, akiinua fimbo tena. "Jumatatu ninamuuza."

Nyanchama akinyamaza, Karani angeondoka na siri yake, wala hakuna ambaye angejua. Lakini macho ya mnyama yule yalimshinda.

"Tata, usimpige! Si mkaidi, anaumia. Sikumfikisha kwa Mzee Salat. Ndizi tulizila sisi."

Momanyi aliinama, akautazama ukwato. Ulikuwa mrefu, umejipinda mbele na kupasuka pembeni, na matope yaliyojaa chini yake yalinuka. Aliitupa fimbo mtaroni.

"Nimempiga asiye na kosa," alisema polepole. Maneno hayo yalimuuma Nyanchama kuliko kuchapwa.

Walimwongoza Karani taratibu hadi Mosocho bila mzigo. Mzee Salat alitikisa kichwa, akachukua tupa. "Siwezi kuzimaliza leo. Nikikata sana atatoka damu. Tutapunguza kidogo kidogo, na alale mahali pakavu."

Kwa muda wote wa matibabu hayo ndizi zilirudi vichwani, na safari hii shingo ya Nyanchama nayo ikaujua uzito wake. Kila asubuhi alichokonoa matope kwenye kwato kwa kijiti na kumtandikia Karani nyasi kavu. Wenzake walipomwita kwenye kamba, aliwaambia wamngoje.

Hatimaye, siku nyingine ya soko, Karani aliufikia mtaro, akanusa maji, akaruka. Alitua imara na papo hapo akaanza kula nyasi za watu. Nyanchama alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Mnyama hawezi kunijia kusema kwamba hukufanya kazi yako," baba yake alimwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa mdomo wake, mwanangu, nawe ukautumia kula ndizi. Ukipewa kazi, ifanye. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia kwa ajili yako."

Kisha akamkabidhi kichane cha ndizi mbivu.

"Za Mzee Salat," alisema. "Nenda peke yako."

Nyanchama alizipokea kwa mikono miwili, na zilifika zote.