Ngumi ya Kulia

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi, Solange Heudebert alifungua karakana ya ufumaji pale Bayeux akakuta nyuzi za mtande zinaning'inia kwenye kitanda cha kufumia, zimekatwa. Pazia la ukutani halipo! Miaka mitatu ya kazi, mita tano za sufu, nakala ya kufumwa ya lile darizi la kale la vita linalovuta watalii na kuwalisha watu mji mzima. Sakafuni palikuwa na mkasi. Mkasi wake mwenyewe.

Saa tatu Inspekta Ferrand alikuwa ameshafika.

"Bi Solange, mkasi huu wa nani?"

"Wangu. Na pua hii yangu pia. Utaichukua?"

"Mkamate!" alifoka Lebrethon, mwenye karakana. "Wiki nzima ananitukana mbele za watu!"

Hilo kweli. Jumatano bosi alitangaza kwamba nakala za mashine zitauzwa kwa lebo ya kazi ya mkono, na Solange akamwambia hadharani kwamba labda amshone mdomo kwanza. Sasa pingu zilikuwa mezani. Akitoka nazo mlangoni, nani Normandi nzima atampa kitanda cha kufumia tena? Miaka thelathini na minne ya jina safi ingekwisha asubuhi moja. Aliogopa, usidanganyike, lakini hakumpa Lebrethon raha ya kuliona hilo.

Inspekta alimtaka Lebrethon asubiri nje, akaanza kuwauliza mmoja mmoja: pazia lililoibwa likoje?

Alianza na Anselme, mtia rangi, aliyekuwa na ufunguo wa pili na nyuzi za buluu zimemganda kwenye koti.

"Mie najua rangi tu, bwana. Picha waulize wao. Na jana nililala kwa dada yangu Caen, mpigie simu. Ila mkali yule, shauri yako."

Simu ikapigwa. Dada alithibitisha, na kelele juu.

Ghislaine, mfumaji mwenzake Solange, alicheka huku analia. "Kwenye mchoro, mwanamke anakimbia nyumba inayoungua. Alhamisi huyu shoga yangu akasema hakimbii mtu hapa. Akamfuma amesimama, anakutazama usoni, ngumi ya kushoto juu. Tulificha. Jumatatu ijayo ndiyo ingekuwa siku ya kulikata kutoka kitandani, tukataka bosi ashtuke mbele ya wageni."

Kitanda chao cha kufumia kimelazwa, nyuzi zimetandwa sambamba na sakafu. Mfumaji huinamia mgongo wa kazi, yaani upande wa nyuma, uso wa kazi ukitazama sakafu, na sehemu iliyokwisha huviringishwa. Uso kamili hauonwi na mtu yeyote mpaka siku ya kukata.

Zamu ya Lebrethon ikafika, akaitwa ndani. "Ameliharibu! Badala ya mwanamke anayekimbia kaweka jitu limeinua ngumi ya kulia, kama linataka kunipiga mimi!"

Solange aliinua kichwa.

"Inspekta, muulize aliliona wapi."

"Kitandani! Jana mchana mlipokwenda kula."

"Ngumi ipi?" akauliza Inspekta.

"Ya kulia! Kwa macho yangu haya!"

Ghislaine alijiziba mdomo. Solange alisogea mpaka akasimama pua kwa pua na bosi wake.

"Masikini wewe. Kumiliki karakana miaka kumi na tisa, kukaa kitandani hata siku moja hukukaa. Kitandani tunaona mgongo, na mgongoni kulia huwa kushoto. Ngumi ya kulia iko usoni tu, na uso huuoni mpaka ukate, ugeuze."

"Nili... nilitumia kioo! Hata nyie mnapitisha kioo chini kukagua!"

"Tunapitisha." Solange aliinua kioo kidogo cha kazi mbele ya Inspekta. "Inua mkono wa kulia, bwana. Huyo wa kwenye kioo kainua upi?"

Ferrand alijitazama. "Wa kushoto."

"Haya. Kioo nacho kinageuza. Kwa hiyo bosi aliliona likiwa limeshakatwa."

Inspekta akanyoosha kiganja. "Funguo za gari, Bwana Lebrethon."

Buti lilifunguliwa saa nne na dakika kumi. Pazia lilikuwa ndani, limefungwa kwa shuka.

"Nilitaka kiwandani walipige picha, mashine ifume mia," Lebrethon alisema, sauti imekwisha. "Na yeye akishaitwa mwizi, nani angemsikiliza habari za lebo? Solange, sema tulielewana vibaya. Nitakupa kazi mpaka ustaafu."

"Kazi ni yangu. Huwezi kunipa changu. Ondoka mbele yangu."

Pingu zikapata mikono ya Lebrethon.

Ferrand alitaka kulibeba pazia kama kielelezo. Solange akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Halitoki kabla sijaliona."

"Sheria, Bi Solange..."

"Miaka mitatu nimelifuma mgongoni, bwana! Yule mwizi kaliona uso kabla yangu!"

Inspekta akashika ncha moja. Ghislaine na Anselme wakashika nyingine, wakalitandaza. Mashua, farasi, moto, na yule mwanamke amewakazia macho. Solange alilia bila kujificha.

Ferrand alitoa fomu. "Kazi ya karakana ya Lebrethon..." alianza kuandika.

"Futa," alisema Solange, machozi bado yanatiririka. "Andika Heudebert na mwenzake Ghislaine. Tena kwa wino."