Kiapo cha Fundi Kesho

Kuna mafundi cherehani, na kuna Fundi Kesho. Jina la kuzaliwa la mama huyu wateja walishalisahau. Ukimpelekea kitambaa, alikipokea kwa mikono miwili. Alikupima vizuri. Alikusifu umbo hata kama huna. Lakini ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini, jibu lilikuwa moja tu.

"Kesho!"

Na ukimtazama kwa shaka, alinyanyua kidole juu. "Haki ya Mungu, kesho!"

Tusimwonee. Kushona alijua. Mishono yake ilinyooka, na vifungo vyake havikudondoka. Tabu ilikuwa mdomo. Alifanya kazi katika chumba kimoja kando ya barabara. Ndani mlikuwa na meza ya kukatia, cherehani ya kukanyaga kwa mguu, na kamba iliyojaa nguo za watu. Hii haina mkono, ile haina kola. Kila nguo iliyoning'inia pale ilikuwa imeapiwa.

Mteja aliyechoka kuliko wote alikuwa mkunga wa zahanati. Binti yake alikuwa karibu kuolewa. Mkunga alileta kitambaa cha buluu alichoachiwa na marehemu mama yake.

"Mama alikinunua zamani," alisema. "Alisema atakivaa siku ya harusi ya mjukuu wake. Hakuwahi. Nitakivaa mimi, ili na yeye awepo."

"Njoo kesho kujaribu," alisema Fundi Kesho. "Nife hapa hapa nisipomaliza!"

Hakumaliza, na hakufa. Mkunga alikwenda mara tatu, akarudi nyumbani na viapo vitatu.

Alikwenda mara ya nne siku ya Alhamisi. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa. Alitazama kwenye kamba. Kitambaa cha buluu hakikuwepo.

"Mdogo wako alikuja jana," alisema Fundi Kesho. "Alisema mmechoka kusubiri. Akakichukua."

"Mdogo wangu yuko safarini."

"Alipita hapa na begi lake, dada. Alikuwa anakwenda stendi."

Mkunga alimpigia simu mdogo wake. Haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

"Umekiuza," alisema.

"Sijakiuza! Haki ya Mungu, dada!"

"Haki ya Mungu ipi? Ile uliyonipa Jumatatu, au ile ya Jumanne?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitazamana. Mmoja alichekea puani.

"Nakupa mpaka Jumatatu," alisema mkunga. "Usipokileta, nakwenda polisi. Kwako hicho ni kitambaa tu, fundi. Kwangu ni mama yangu."

Aliondoka. Na ajabu ni kwamba siku hiyo Fundi Kesho alikuwa amesema kweli tupu! Mdogo wa mkunga alikuja, akakichukua, akaenda zake. Kila neno lilikuwa kweli. Nani alimwamini? Hakuna.

Mlango wa pili alifanya kazi fundi viatu. Huyu ndiye aliyefundisha watu wazima Biblia kanisani kila Jumapili. Kati ya vyumba vyao kulikuwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo alisikia yote. Alikuja na kiatu mkononi na sindano bado imechomekwa kwenye soli.

"Pole, jirani."

"Pole haitoshi! Nimesingiziwa. Nimeapa kwa Mungu, na bado hakuniamini."

"Nitakwambia ukweli, usinune. Umeapa mno. Kiapo chako kimechakaa kama soli hii."

"Kwani kuapa kuna ubaya gani? Si namtaja Mungu?"

Fundi viatu aliketi kwenye benchi la wateja. "Yesu alipofundisha mlimani aligusa jambo hili hili," alisema. "Alisema tusiape kabisa. Tusiape kwa mbingu, wala kwa dunia, wala kwa vichwa vyetu. Unajua kwa nini hata kwa kichwa? Kwa sababu huwezi kuugeuza hata unywele mmoja uwe mweupe au mweusi."

Fundi Kesho aligusa nywele zake. "Mbona mimi nimezigeuza nyeusi juzi tu?"

"Hiyo ni rangi ya dukani, jirani. Ngoja wiki tatu, ukweli utaota wenyewe."

Fundi Kesho alicheka bila kupenda.

"Kisha Yesu akasema jambo rahisi," aliendelea fundi viatu. "Ukisema ndiyo, iwe ndiyo. Ukisema siyo, iwe siyo. Inatosha. Kiapo ni mkongojo. Anayeutafuta ni mtu mwenye neno linalochechemea."

"Lakini mimi sikukusudia kudanganya. Moyoni nilitaka kumaliza kesho."

"Mbele ya nguo ya mkunga kulikuwa na nguo ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa siku unamaliza ngapi?"

"Mbili. Nikibanwa sana, tatu."

"Sasa hiyo kesho ulikuwa unaitoa wapi?"

Fundi Kesho alihesabu kwa vidole. Halafu akapata wazo. "Basi nitakuwa nasema, 'Kesho, Mungu akipenda.' Hilo nalo si limo kwenye Maandiko?"

"Limo, kwenye waraka wa Yakobo. Anatukumbusha kwamba kesho si mali yetu. Lakini usimsingizie Mungu, jirani. Mungu amependa tangu juzi. Wewe ndiye hujakata kitambaa! Hesabu kazi yako kwanza. Toa siku unayoiweza. Hapo ndipo useme Mungu akipenda."

Jioni, wakati wa chakula, Fundi Kesho alimsimulia mumewe, ambaye alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alitegemea kutetewa. Mumewe alitafuna polepole.

"Mke wangu, mimi nakupenda. Lakini hata ukiniambia chakula kiko tayari, kwanza nachungulia sufuria."

Alisema kwa utani. Fundi Kesho hakucheka. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula, na machozi yakamtoka. Kumbe hata nyumbani! Alikuwa na mdomo, lakini hakuwa na neno.

Kesho yake alikata kipande cha boksi. Aliandika kila nguo na siku yake ya kweli, mbili kwa siku, si zaidi, akakitundika ukutani. Kisha alipita kwa wateja, mmoja mmoja.

"Nguo yako sijaimaliza," aliwaambia. "Nilikudanganya. Naomba unisamehe. Itakuwa tayari Jumatano." Mwingine alimtajia Alhamisi, mwingine Ijumaa, kama boksi lilivyosema.

Mmoja alimtukana. Mmoja alichukua kitambaa chake akaenda kwa fundi mwingine. Waliobaki walimtazama kama mgonjwa. Fundi viatu alimtia moyo. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, jirani. Endelea."

Jumatatu asubuhi mkunga alifika. Mkononi alikuwa na kitambaa cha buluu. Mdogo wake alikuwa amerudi usiku wa jana yake, na kitambaa kilikuwa ndani ya begi.

"Nimekukosea," alisema mkunga. "Ulisema kweli."

"Umenikosea mara moja, dada. Mimi nimekukosea mara tatu. Nisamehe."

"Yameisha. Lakini harusi ni Jumamosi, na mafundi wengine wote wamejaa. Utaweza?"

Neno la zamani lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza. Akatazama lile boksi ukutani. Yule mteja aliyeondoka aliacha nafasi moja.

"Kesho siwezi. Jumatano siwezi. Ijumaa, saa kumi jioni."

"Niapie."

"Siapi tena. Ijumaa, saa kumi."

Mkunga alitikisa kichwa. Alikiacha kitambaa shingo upande.

Alhamisi alikuja mkuu wa walinzi wa ghala moja. Alitaka sare za walinzi wanane. "Nataka nne kesho," alisema. "Sema ndiyo, kazi yote ni yako."

"Kesho siyo. Nne zitakuwa tayari Jumatano. Nyingine Jumamosi ya wiki ijayo."

Yule bwana alisonya, akafunga mzigo wake, akaondoka. Walinzi wanane si mchezo! Fundi Kesho alikanyaga cherehani huku roho inamuuma.

Ijumaa saa tisa gauni la buluu lilikuwa tayari. Alilipiga pasi. Saa kumi alikaa mlangoni kumsubiri mwenye gauni. Saa kumi na nusu, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Alilikunja gauni, akalifunga kwenye kitambaa safi, akaenda kwa miguu hadi zahanati.

Mkunga alikuwa anatoka wodini.

"Leo ni Ijumaa," alisema Fundi Kesho. "Hukuja."

Mkunga aliangalia chini kwa aibu. "Mwenzangu, mimi nilijua Ijumaa yako ni Jumanne ijayo. Nimeshaazima gauni la jirani."

Maneno hayo yalimchoma. Lakini hakuweza kulaumu mtu. "Lijaribu kwanza," alisema.

Mkunga aliingia nyuma ya pazia. Alipotoka, gauni lilimkaa kama amezaliwa nalo. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha. Akaupapasa mkono wa gauni, taratibu, kutoka begani hadi mwisho.

"Mama," alisema. "Umewahi."

Akalia. Fundi Kesho naye akalia, hapo hapo kwenye korido, mbele ya wagonjwa.

Baada ya harusi, wauguzi watatu walikuja na vitambaa vya sare.

"Lini?" aliuliza mmoja.

Fundi alisoma boksi lake. "Alhamisi, saa nane mchana. Mungu akipenda."

"Haya," alisema muuguzi.

Wote watatu wakaondoka. Fundi alibaki amesimama na utepe wa kupimia shingoni, akisubiri mmoja wao ageuke amwambie aape. Hakuna aliyegeuka.