Watoto Kwenye Mizani ya Majani

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka juu ya michai, Yunia alichota maji, akamwamsha mdogo wake, kisha akamsindikiza mama yake hadi banda la kupimia majani. Hapo waliachana. Mama yake, Phelis, aliingia shambani na kikapu mgongoni, naye Yunia akaelekea shule ya misheni. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, asiye na kelele, lakini macho yake hayakupitwa na jambo.

Wiki hiyo hapakuwa na habari nyingine darasani ila safari. Mwalimu Alfayo alikuwa amepata ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi Seme, mbele ya Kisumu, wakayaone mawe ya Kit Mikayi, mawe makubwa kuliko nyumba, yaliyopandana jiwe juu ya jiwe. Wangeondoka Jumamosi kwa lori la Obiero, dereva aliyepeleka chai Kisumu. Aliyefurahi kuliko wote ni Kepher. Nyanya yake aliishi karibu na mawe hayo, na tangu baba yake aje huku Kericho kutafuta kazi, Kepher hakuwa amemwona nyanya tena.

"Nikiwa mdogo niliogopa yataniangukia," Kepher alisema. "Nyanya akaniambia, yamekaa hapo tangu zamani, sasa yaanguke kwa sababu wewe umepita?"

Jumatano Obiero aliwaita watoto bandani. Mmoja mmoja aliwaweka ndani ya gunia, akawatundika kwenye mizani ya majani. "Kaa. Shika kamba," alisema, na hakueleza zaidi.

Yunia aliposhuka, moyo wake haukutulia. Kwenye shamba lile, kitu kilichopimwa kwa mizani ile kilikuwa na njia moja tu, ya kiwandani, na baadaye kuuzwa. Alichungulia ndani ya lori. Aliona magunia matupu, kamba nene na turubai. Akakumbuka habari za kutisha zilizosimuliwa kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za watu wanaokamata wenzao na kuuza damu yao.

"Kepher, mbuzi akipimwa anapelekwa wapi?"

"Sokoni."

"Na sisi je?"

Kepher alicheka. "Wewe uko na mifupa tupu. Nani atakununua?"

Yunia hakucheka. Jioni alimweleza mama yake, wala hakusema kwamba anadhani. Alisema, "Obiero anataka kutuuza."

Kesho yake habari hiyo ilipita shambani kutoka mstari hadi mstari, na kila aliyeipokea aliongeza lake. Mmoja alisema kuna kisu chini ya kiti cha lori. Mwingine alisema ni visu viwili. Jioni akina mama, Phelis mbele yao, walisimama mlangoni kwa Mwalimu Alfayo.

"Mwalimu, mtoto wangu hapandi hiyo gari," alisema Drusilla, jirani wa akina Yunia.

Mwalimu alijaribu kuwatuliza, hawakusikia. Wasipobadili nia kufikia Ijumaa jioni, lori lingeondoka na chai peke yake.

Kepher alimkuta Yunia kisimani. "Macho ya nyanya yanaisha," alisema. "Nilitaka anione kabla hayajazimika kabisa. Hebu niambie, Yunia. Uliona, ama ulidhani?"

Yunia alijitwika ndoo yake, akaenda zake.

Ijumaa baada ya masomo alienda bandani, akajificha nyuma ya vikapu. Obiero alikuwa peke yake. Alipima gurudumu la spea. Akapima sanduku la spana. Kisha akaingia mwenyewe ndani ya gunia, akaning'inia, miguu mirefu ikiburuta chini, huku akipinda shingo asome uzito wake.

Mtu wa kuuza watu ajipime yeye kwa nini? Yunia alijitokeza.

"Mzee Obiero, unapima nini?"

"Nyathina, mwanangu, njoo unisomee kwanza. Shingo inaniuma."

Yunia alimsomea. Obiero akashuka akijifuta vumbi. "Mvua iliyopita nilikisia mzigo, springi ikakatika mlimani. Sasa nimepewa watoto wa watu. Siwezi kukisia. Nikijua uzito wenu, najua ni masanduku mangapi ya chai yabaki."

"Na magunia?"

"Ya kukalia. Ama unataka kukaa juu ya mbao mpaka Kisumu?"

"Kwa nini hukutuambia?"

Obiero alitungua gunia kwenye mizani. "Hamkuniuliza. Lakini hapo nilikosa. Niliona ni watoto tu."

Yunia alimwendea Mwalimu Alfayo, akamweleza yote. Mwalimu alifuatana naye nyumba kwa nyumba, lakini hakumsemea hata neno. "Nilisema kitu ambacho sikukiona," Yunia alirudia kila mlangoni, sauti ikizidi kuwa ndogo.

"Ungetufanya tumpige mtu bure," Drusilla alimwambia. Hata hivyo akina mama walikubali, kwa sharti kwamba mzazi mmoja aende pia. Wakamchagua Phelis, aliyepiga kelele kuliko wote.

Phelis naye akapimwa. Obiero akatikisa kichwa. Masanduku yaliyoruhusiwa kubaki yalikuwa yamekwisha kutolewa, na uzito ulizidi. Ilibidi mtoto mmoja abaki. Watoto wakatazama chini, Kepher miongoni mwao.

"Nitabaki mimi," Yunia akasema. "Nitakaa na mdogo wangu."

Jumamosi asubuhi, kabla ya kupanda, Phelis alimvuta kando.

"Mimi pia nina makosa, nilikimbia na maneno yako bila kuuliza. Kuwa na shaka si vibaya, mwanangu. Macho yako endelea kuyafungua. Lakini ukishuku mtu, nenda kamuulize mwenyewe kabla hujawaambia wengine, kwa sababu ukishasema, wewe huwezi tena kulishika hilo neno."

Lori lilianza kupanda kilima polepole. Kepher alisimama nyuma, akapunga mkono mpaka kona ikamficha. Yunia naye alikuwa bado ameinua mkono wake.